Muziki kwa namba: mwongozo kwa mwanakwaya na mpiga kinanda wa Mwanza

Kwenye ibada nyingi za Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Pasiansi, mwimbaji hasubiri kinanda. Mama anasimama kwenye benchi lake, anaanza pambio, makofi yanaitikia, ngoma inaingia, na mpiga kinanda anabaki akibonyezabonyeza kutafuta walipo wenzake. Akija kupapata, pambio limefika mwisho. Wengi wakipatwa na hili hulaumu masikio yao. Mara nyingi masikio hayana kosa. Wamejifunza kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa majina na mikao ya vidole, C hapa, F pale, G kule, kwa hiyo wimbo ukihamia pengine wanakuwa wageni kwenye kinanda chao wenyewe.

Namba zinatibu hilo. Badala ya kukariri kwamba wimbo fulani unakwenda C, F, G, unajua kwamba unakwenda 1, 4, 5. Mama akiuanzisha juu, ni 1, 4, 5. Kesho akiuanzisha chini kwa sababu ana mafua, bado ni 1, 4, 5. Kinachobadilika ni mahali ilipo 1, basi. Na mtu aliyekulia kwenye kwaya tayari anajua nusu ya elimu hii bila kujitambua; nitakuonesha kwenye hatua ya tatu.

Unachohitaji ni kinanda chochote kinachotoa sauti sahihi, au gitaa, au hata programu ya kinanda kwenye simu, pamoja na daftari na kalamu. Sauti yako utaitumia kuliko vyote hivyo, na faida yake ni kwamba umeme ukikatika mazoezi hayasimami.

Hatua ya 1: Itafute 1 kwa mdomo

Usiguse kinanda bado. Imba wimbo wa siku ya kuzaliwa, ule unaoimbwa keki ikikatwa, kisha ikamate noti ya mwisho kabisa. Hiyo ndiyo 1. Sikia inavyotulia. Sasa uimbe tena, lakini katisha kabla ya neno la mwisho. Unaona? Kuna kitu kinadai kumaliziwa, na hata mtoto aliye chumba cha pili anaweza kukumalizia. Hiyo hali ya kutulia ndiyo inayoifanya 1 kuwa 1.

Nyimbo nyingi za kanisani, za shule na za dansi huishia kwenye 1. Si zote, lakini za kutosha kuanzia. Zoezi lake linafanyika popote: uko kwenye daladala, redio inaimba, wewe vuma chini kwa chini noti moja ambayo unahisi wimbo ungetulia hapo. Wimbo ukiisha, linganisha. Fanya hivi mpaka uweze kuikamata 1 bila kungoja mwisho. Usiruke hatua hii eti ni ya kitoto. Nimewaona watu wenye vidole vyepesi ajabu wanaoshindwa kuisikia 1, na kila ibada kwao ni bahati nasibu.

Hatua ya 2: Panga 1 mpaka 7

Ukishaipata 1, noti nyingine sita zinapangwa juu yake mpaka uifikie 1 nyingine ya juu. Mpango huo ndio skeli ya meja. Jambo la kushika ni kwamba hatua zake hazilingani. Zinafanana na ngazi za mawe za kupandia nyumba za mlimani kule Mabatini: kidato hiki kirefu, kile kifupi, na mwenyeji hajikwai kwa sababu mguu wake unajua wapi ni wapi.

Hatua ndefu inaitwa toni nzima, fupi inaitwa nusu toni. Kwenye kinanda, nusu toni ni kwenda kitufe kinachofuata mara moja, kiwe cheupe au cheusi. Toni nzima ni kuruka kitufe kimoja. Mpangilio ni huu:

1 (nzima) 2 (nzima) 3 (nusu) 4 (nzima) 5 (nzima) 6 (nzima) 7 (nusu) 1

Yaani nusu toni ziko mahali pawili tu: kati ya 3 na 4, na kati ya 7 na 1 ya juu. Ukishika hizo mbili, zilizobaki zote ni nzima.

Anza na C, kitufe cheupe kilicho kushoto mwa vile vyeusi viwili vilivyokaa pamoja. Panda kwa vitufe vyeupe tu: C, D, E, F, G, A, B, C. Kati ya E na F hakuna cheusi, na kati ya B na C hakuna. Ndiyo maana C inakubali bila kugusa cheusi chochote. Sasa anzia G. Utakwenda vizuri mpaka 6, ambayo ni E. Kutoka 6 kwenda 7 tunataka toni nzima, na F iko nusu tu mbele ya E, kwa hiyo lazima upande mpaka kile cheusi, F shapu. Usikariri kwamba G ina F shapu. Hesabu hatua, itajileta yenyewe.

Chukua daftari ujenge hizi mwenyewe kabla ya kutazama majibu (# ni shapu, yaani nusu toni juu; b ni flati, yaani nusu toni chini):

G: G A B C D E F#
D: D E F# G A B C#
F: F G A Bb C D E
Bb: Bb C D Eb F G A
Eb: Eb F G Ab Bb C D

Mwenye gitaa, kwako ni rahisi zaidi, maana freti moja ni nusu toni. Kwenye waya mmoja wowote, piga waya mtupu, kisha freti ya 2, 4, 5, 7, 9, 11 na 12. Hiyo ni skeli kamili ya meja, na waya wowote utakaouchagua, freti ni zilezile.

Mbona mpango huu unahamishika hivyo? Kwa sababu vinanda vya leo vimegawa sauti sehemu kumi na mbili zinazolingana. A inayotumika kuwekea ala nyingi sawa hutetemeka mara 440 kwa sekunde, na A inayofuata juu yake mara 880, yaani maradufu. Katikati kuna nusu toni 12, na kila moja inaizidisha iliyotangulia kwa kiasi kilekile, takriban 1.06. Kwa kuwa nafasi zote ni sawa, umbo lolote unaweza kulibeba mzimamzima na kulitua kwingine, na sikio litalitambua.

Hatua ya 3: Kumbe ulikuwa unajua

Karatasi za kwaya zetu zimejaa herufi: d r m f s l t. Mwalimu wa kwaya anaandika ubaoni, sauti ya kwanza inasoma yake, ya pili yake, ya tatu na ya nne zao, kisha maneno yanawekwa. Sasa andika chini ya herufi hizo namba:

d ni 1, r ni 2, m ni 3, f ni 4, s ni 5, l ni 6, t ni 7.

Ni kitu kilekile. Ndiyo maana juu ya karatasi huandikwa "do ni G" au "do ni F". Maana yake: leo 1 iko hapo.

Silabi zenyewe zina historia ndefu. Guido, mtawa wa Arezzo huko Italia, alizitumia karne ya 11 kufundishia waimbaji. Karne ya 19 Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, alizipangia mfumo wa herufi, na mchungaji John Curwen akausambaza. Wamisionari wakaja nao Afrika. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliuandika kwa herufi hizohizo, mwaka 1897, ule wimbo ambao sauti yake ndiyo tunayoiimba kwenye wimbo wetu wa taifa. Kwa namba nako kuna ndugu zake: mwishoni mwa miaka ya 1950, Neal Matthews wa kundi la Jordanaires alianza kuandika kodi kwa namba katika studio za Nashville, Marekani, kwa sababu waimbaji walikuwa wakibadili kii, yaani mahali ilipo 1, dakika ya mwisho na hakukuwa na muda wa kuandika upya. Shida ya Nashville ndiyo shida ya Igoma.

Alama ndogo za karatasi yako ya kwaya pia tutaziazima. Koma baada ya namba inaonesha ile ya chini, kama s, kwenye herufi za kwaya. Ikiwa na kistari juu ni ile ya juu. Sasa wimbo wa siku ya kuzaliwa unaandikika hivi:

5, 5, 6, 5, 1 7,
5, 5, 6, 5, 2 1
5, 5, 5 3 1 7, 6,
4 4 3 1 2 1

Imba namba hizo kwa majina yake: "tano tano sita tano moja saba". Kisha utafute kwenye kinanda ukianzia 1 ya C, halafu 1 ya G, halafu F. Ukiweza kwa kii tatu, umeshaonja faida ya namba.

Hatua ya 4: Kila namba ina tabia yake

Hapa ndipo ningependa ukae kuliko kwingine kote. Mtu akijua tabia za noti saba, kodi zinajieleza zenyewe.

1 umeshaiona, ni ya kutulia. 5 nayo ni imara, inasimama bila kuyumba, ila inaonekana imesimama nje ya mlango. Imba 1, 5, 1 mara nyingi; mpiga besi anaishi kwenye noti hizo mbili. 3 ndiyo inayoamua kama wimbo ni wa furaha au wa majonzi: ukiishusha nusu toni, hali ya hewa inabadilika hapohapo. Jaribu 1 3 5, kisha uishushe 3.

7 haina utulivu hata kidogo. Iko nusu toni tu chini ya 1 na inataka kupanda. Imba 1 2 3 4 5 6 7 uache hapo, utaona unavyokereka. 4 nayo inavutwa, ila kushuka: iko nusu toni juu ya 3 na hupenda kuangukia huko. Angalia zile nusu toni mbili za hatua ya pili. Ndizo zinazoleta mvuto huu. 2 na 6 ni noti za kupita, laini, zinaweza kwenda huku au kule.

Zoezi: mwenzako apige kodi ya C, kisha noti moja yoyote nyeupe, wewe umekipa kinanda mgongo. Taja namba yake. Mwanzoni bahatisha tu. Ukikwama, imba kutoka noti hiyo kushuka au kupanda mpaka uifikie 1, huku ukihesabu. Walio peke yao wajirekodi kwenye simu jioni na kujipima asubuhi, wakiwa wamesahau.

Hatua ya 5: Jenga kodi

Kodi ya kawaida ni noti tatu zinazopatikana kwa kuruka moja. Chukua 1, ruka 2, chukua 3, ruka 4, chukua 5. Hiyo ni kodi 1. Ukianzia 2 unapata 2 4 6, hiyo ni kodi 2. Endelea hivyo mpaka mwisho:

kodi 1: 1 3 5
kodi 2: 2 4 6
kodi 3: 3 5 7
kodi 4: 4 6 1
kodi 5: 5 7 2
kodi 6: 6 1 3
kodi 7: 7 2 4

Sasa hesabu nusu toni ndani ya kila moja. Kodi 1, 4 na 5 zina nusu toni nne kwanza, kisha tatu: hizo ni meja. Kodi 2, 3 na 6 zina tatu kwanza, kisha nne: hizo ni maina, ndiyo sababu tunaziandika 2m, 3m na 6m. Kodi 7 ina tatu na tatu, imebanwa huku na huku, na kwa sasa iache. Kodi 5 itafanya kazi yake vizuri zaidi.

Katika C basi: C, Dm, Em, F, G, Am. Katika G: G, Am, Bm, C, D, Em. Umeona Am imekaa kwenye 6 ya C na kwenye 2 ya G? Vidole vilevile, kazi tofauti. Anayejua jina tu hawezi kuona tofauti hiyo.

Tazama pia kodi 1, 4 na 5 kwa pamoja: 1 3 5, kisha 4 6 1, kisha 5 7 2. Noti zote saba za skeli zimo. Ndiyo siri ya mapambio mengi kutosheka na kodi tatu: hakuna noti ya skeli itakayokosa mahali pa kukaa.

Hatua ya 6: Chagua kodi ya kuweka chini ya wimbo

Swali ambalo kila mwanafunzi huuliza: nitajuaje niweke kodi gani? Kanuni ya kuanzia ni kwamba noti nzito ya wimbo, ile inayoangukia pigo la nguvu au inayoshikiliwa muda mrefu, iwe ndani ya kodi. Noti 1 inakubaliwa na kodi 1, 4 na 6m. Noti 2 inakubaliwa na 5 na 2m. Noti 3: 1, 6m, 3m. Noti 4: 4 au 2m. Noti 5: 1, 5, 3m. Noti 6: 4, 6m, 2m. Noti 7: 5 kwanza kabisa, pengine 3m.

Turudi kwenye wimbo wetu wa keki, unaohesabika tatu tatu. Mstari wa kwanza, zile 5, mbili za mwanzo ni za kuingilia. Pigo la kwanza linaangukia 6, halafu 5, na 1. Kwa kanuni yetu ungesema 6 inataka kodi 4. Jaribu uone. Haiharibu, lakini inauondoa wimbo kwenye utulivu kabla haujatulia. Waswahili wa muziki tunaweka kodi 1, kwa sababu 5 na 1 zinazofuata zote ni zake, na ile 6 inaegemea tu juu ya 5 kisha inashuka. Kwa hiyo usiamue kwa noti moja. Sikiliza kipimo kizima, yaani mapigo yote matatu. Kisha 7, inakuja na kushikiliwa: kodi 5, bila ubishi.

Mstari wa pili: 6, 5, 2 zinakaa kwenye kodi 5, kwa sababu 5 na 2 ni zake, na mstari unatua kwenye 1 kwa kodi 1. Mstari wa tatu unapanda mpaka 5 ya juu, kisha 3, kisha 1: hiyo ni kodi 1 imeanikwa wazi. Halafu 7, inateleza kwenda 6, panapotajwa jina la mwenye sherehe, na hapo ndipo kodi 4 inapoingia. Ipige uisikie, wimbo wote unakunjuka mahali hapo. Mstari wa mwisho: 3 na 1 kwa kodi 1, 2 kwa kodi 5, 1 kwa kodi 1.

Ukishausikia huo, chukua pambio unalolijua, andika namba za wimbo, kisha weka kodi kwa penseli. Penseli, si kalamu.

Tahadhari moja ya nyumbani. Kisesa, pale Bujora, Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, inapochezwa mwezi wa Juni na kundi la Bagika likishindana na la Bagalu, utasikia nyimbo za Kisukuma zenye nguvu zake nyingine kabisa. Usikimbilie kuzifungia kodi 4 na 5 chini yake kwa sababu tu umezijua. Tafuta 1 ya wimbo, andika ni noti zipi zimetumika na zipi hazipo, halafu uamue. Mara nyingine besi ya noti mbili na ngoma vinatosha, na kinanda kinyamaze.

Hatua ya 7: Vidole visiruke

Mwanafunzi akitoka kodi 1 kwenda 4 huhamisha mkono mzima, na inasikika: wimbo unakatikakatika. Panga noti upya ili kila kidole kiende karibu:

kodi 1: 1 3 5
kodi 4: 1 4 6
kodi 5: 7, 2 5

Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kidole cha 1 hakihami, vingine vinapanda kidogo. Kutoka kodi 1 kwenda 5, noti 5 haihami, nyingine zinashuka. Katika C utapata C E G, C F A, B D G. Katika F utapata F A C, F Bb D, E G C. Mkono wa kushoto, au mpiga besi, ndiye anayepiga jina la kodi: 1, 4, 5. Mkono wa kulia ukae mahali pamoja.

Waliozoea kuimba sauti ya pili na ya tatu hili hawashangai. Sauti hizo za kati ndivyo zinavyokwenda: zinashikilia, zinasogea hatua moja, zinarudi.

Hatua ya 8: Mizunguko

Ukisikiliza kwa namba, nyimbo mia zinapungua kuwa mizunguko michache. Mapambio: 1 4 5 1, au 1 4 1 5. Sebene ya Kikongo, ambayo gitaa zake zimesikika kando ya ziwa hili miaka na miaka, mara nyingi huzunguka 1 4 5 4 bila kuchoka, na solo inapambwa juu yake. Nyimbo za kuabudu za siku hizi hupenda 1 5 6m 4. Bongo Fleva nyingi huzunguka palepale lakini zinaingilia mlango mwingine: 6m 4 1 5. Za zamani kidogo: 1 6m 4 5. Na kila mahali utakutana na 2m 5 1 ikifunga sentensi.

Piga kila mzunguko ukiutaja namba kwa sauti, katika C, kisha G, kisha F. Usihamie mzunguko mwingine mpaka uweze kuongea na mtu huku unapiga.

Nyimbo za maina hazihitaji elimu mpya. Noti ni zilezile, ila panapotulia ni 6. Hapo kodi za kuzunguka ni 6m, 2m na 3m, na mara nyingi 3 inageuzwa meja kwa kuipandisha 5 nusu toni. Kwenye karatasi ya kwaya utaiona imeandikwa se.

Hatua ya 9: Mama ameanza bila wewe

Sasa ile ibada. Usipige kodi yoyote kwanza. Punguza sauti ya kinanda, sikiliza sentensi moja, na uvume 1 mdomoni kama ulivyozoea kwenye daladala. Itafute kwa kidole kimoja, kwenye upande wa besi. Ukiipata, gusa 3 na 5 yake taratibu. Zikikubali, umefika, pandisha sauti uingie na kodi mwanzoni mwa mstari, usiingie katikati. Mwimbaji asiye na ala anaweza kuwa ameangukia kati ya vitufe viwili. Chagua kilicho karibu, piga kwa uhakika, na kusanyiko litakufuata lenyewe.

Kuna kile kitufe cha transpozi, ambacho wapigaji wengi wanakitegemea: wanacheza C daima, mashine inahamisha. Kwenye ibada sikatai, ibada si darasa. Ila kikutumikie tu, kisikufundishe, kwa sababu mpiga besi akikuuliza uko kii gani utamjibu C, naye atapiga C, na sauti inayotoka ni Eb. Wote wawili mtaonekana hamjui, na yeye hana hatia.

Kwa sababu ngoma na spika hazitoi nafasi ya kusemezana, kubalianeni ishara za vidole. Kidole kimoja ni 1, vinne ni 4, kiganja wazi ni 5. Kwa 6m na 2m chagueni ishara zenu, mradi kundi zima lizijue kabla ya Jumapili. Anayeongoza anaonesha kodi inayofuata pigo mbili kabla, haoneshi inayopigwa sasa.

Na kupandisha kii, pale mchungaji anapotaka moto uongezeke. Kupanda toni nzima, chukua noti 6 ya kii mliyomo na uipige kodi ya meja, hata kama kwa kawaida ni maina. Hiyo ndiyo 5 ya kii mpya, nayo itakuvuta kwenye 1 mpya. Kutoka C: piga A meja, tua D. Kutoka G: piga E meja, tua A. Kupanda nusu toni, kodi ya kuvushia iko nusu toni juu ya 5 yenu: kutoka C piga Ab, tua Db. Ishikilie kodi hiyo kipimo kizima ili waimbaji waisikie 1 mpya kabla ya kufungua midomo, na umkonyeze mpiga besi mapema, maana yeye ndiye atakayetangulia kufika.